Stashahada na Jalada la Kesi: Elimu ya Kati ya Haki Jinai Shinyanga na Geita

Haki jinai ni kazi ya mikono mingi. Askari wa zamu hupokea taarifa na kutoa namba ya taarifa, yaani RB, tabibu hujaza PF3, fomu ya polisi ya majeraha, mpelelezi huandika maelezo ya mashahidi, wakili wa Serikali hupima kama ushahidi unatosha kumfikisha mtu mahakamani, karani husajili shauri, hakimu husikiliza, askari magereza hupokea mfungwa, na afisa ustawi wa jamii hubaki na yule aliyepewa adhabu ya nje ya gereza. Mikono hiyo yote hushika jalada moja. Kosa la mkono wa kwanza husafiri nalo hadi Mahakama ya Rufani.

Marekani kazi hizo zilikusanywa zamani katika somo moja linalofundishwa vyuoni. August Vollmer, mkuu wa polisi wa Berkeley, California, alianzisha shule ya askari wake mwaka 1908. Mwaka 1967 tume ya Rais Lyndon Johnson ilipendekeza askari wasomeshwe zaidi, na sheria ya mwaka uliofuata ikaleta fedha za kuwalipia. Vyuo vya jamii, ambavyo mwanafunzi husoma huku akiishi kwao na kufanya kazi, ndivyo vilivyopokea wengi wao. Shahada fupi inayotolewa huko huchukua miaka miwili ya masomo ya kutwa, na mwenye nayo huweza kuajiriwa au kuendelea na chuo kikuu. Vyuo hivyo visichanganywe na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden. Vyetu hufundisha useremala, ushonaji, kilimo na ufundi wa magari, na havina darasa la sheria.

Kilicho karibu zaidi na shahada fupi hiyo nchini Tanzania ni stashahada. Hata hivyo, stashahada moja inayoshika mnyororo wote wa haki jinai, kuanzia kituo cha polisi hadi gereza, si kitu ambacho kijana wa Kahama au Geita hukikuta kirahisi. Hata neno lenyewe, haki jinai, lilikuwa la wataalamu hadi Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, mwenyekiti wake akiwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti ilikabidhiwa Julai mwaka huohuo. Miongoni mwa mapendekezo yake ni Jeshi la Polisi kufanywa Huduma ya Polisi na upelelezi kupewa chombo chake. Tangu hapo magazeti na redio zimelizoea neno hilo. Vyuo vingi bado vinagawana somo hili vipande vipande, kila kimoja na kipande chake.

Kipande kikubwa ni stashahada ya sheria. Elimu ya kati husimamiwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 likijulikana kama NACTE, ambalo sasa, baada ya kuunganishwa na mafunzo ya ufundi stadi, linaitwa NACTVET. Ngazi zake huhesabiwa kwa namba. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini huanzia ngazi ya 4, astashahada ya awali, kisha ya 5, astashahada, kisha ya 6, stashahada. Kila ngazi ni takriban mwaka mmoja. Aliyefika kidato cha sita na kupata ufaulu unaotakiwa hukatiza njia na kuingia ngazi ya 5 moja kwa moja.

Chuo chenye jina kubwa katika fani hii ni Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 1998 ili kuandaa watumishi wa Mahakama. Kipo Milima ya Usambara, mkoani Tanga. Kwa mtu wa Shinyanga hiyo ni safari ya nchi nzima: basi hupita Nzega na Singida, likate kupitia Arusha au lizunguke Dodoma na Chalinze, hadi Mombo, ndipo ianze barabara ya kona za mlimani. Mtoto wa Kishapu aliyekulia kwenye joto la mbuga hufika huko na begi la nguo nyepesi, na matumizi yake ya kwanza huwa sweta na blanketi. Wasiotaka au wasioweza kwenda mbali hutazama Mwanza, ambako Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kina kitivo cha sheria, au Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye vituo mikoani. Chuo Huria ndicho kinachofanana zaidi na chuo cha jamii cha Marekani, maana askari wa zamu au karani wa mahakama husoma bila kuacha kazi.

Masomo ya stashahada ya sheria yanajulikana. Kuna mfumo wa sheria wa Tanzania, sheria ya katiba, mikataba, madhara, ardhi, ndoa na mirathi, mwenendo wa mashauri ya madai, na uandishi wa nyaraka. Upande wa jinai una nguzo tatu: Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 16, inayosema kosa ni nini, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inayosema mtuhumiwa akamatwe, ahojiwe na kushtakiwa vipi, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inayosema kipi kipokelewe mahakamani. Wanafunzi wengi hukariri namba za vifungu. Ni kazi ya hasara, maana namba hubadilika sheria zinapofanyiwa urekebu, na aliyeelewa sababu ya kifungu hukipata popote kilipohamishiwa.

Nguzo ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote. Mikoa ya Shinyanga na Geita inatoa mifano yake bila kutafuta mbali.

Mfano wa kwanza ni dhahabu. Geita, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, ina mgodi mkubwa wa Geita Gold Mining uliofunguliwa mwaka 2000. Upande wa Kahama kuna Bulyanhulu, na kulikuwa na Buzwagi. Kuzunguka migodi hiyo wamejaa wachimbaji wadogo wenye leseni ndogo, ambazo kisheria ni za Watanzania, na wengine wengi wasio na leseni yoyote wanaokimbilia kila mahali panapotangazwa rashi, yaani dhahabu mpya. Makosa yanayozaliwa hapo yana sura yake. Kuna kuingia kwa jinai katika eneo la mgodi. Kuna ugomvi wa maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, mawili yaliyokutana chini ya ardhi, kila mwenye duara akidai mwamba ni wake. Kuna wizi wa mawe yenye dhahabu kabla hayajafika kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Kuna magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi mkubwa ambayo watu wa Geita wameyadai, wakapewa, na wakagombana juu yake. Tangu Machi 2019 Geita ina soko la madini, na anayeuza dhahabu kwa mlango wa nyuma anavunja sheria.

Mwanafunzi apewe zoezi hili: polisi wamemkamata mtu akiwa na dhahabu ya unga iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni. Nani aliipima, kwa mizani gani, mbele ya nani? Je, hati ya ukamataji mali ilijazwa palepale na kusainiwa na shahidi huru, au ilijazwa kituoni jioni? Nailoni hiyo ililala wapi usiku, na aliyeitoa kabatini asubuhi ni nani? Katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake wanne, rufaa Na. 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa kielelezo lazima kiwe na kumbukumbu ya maandishi inayofuatana, tangu kinakamatwa hadi kinaletwa mahakamani. Hukumu za baadaye zililegeza sharti hilo kwa vitu visivyobadilika kirahisi mkononi mwa mtu. Baiskeli haigeuki kuwa nyingine. Dhahabu ya unga hupungua kwa kukung'utwa kidole, kwa hiyo mpelelezi wa Geita hana sababu ya kujificha nyuma ya ulegevu huo.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Kwa miaka mingi mikoa ya Kanda ya Ziwa imeshuhudia mauaji ya wanawake wazee waliodhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, wekundu unaotokana na moshi wa kuni na samadi jikoni. Kuanzia mwaka 2007 yakaongezeka mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na waganga walioahidi utajiri, machimboni na ziwani. Septemba 2009 Mahakama Kuu ilipoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa kiume mwenye ualbino wa Bukombe. Watoto wenye ualbino waliohofiwa kwamba wangeuawa walikusanywa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, na Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wa ramli chonganishi.

Kesi hizo hufundisha mambo ambayo kitabu peke yake hakifundishi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa wakati wa Waingereza mwaka 1928, inafanya kosa kumwita mtu mchawi. Wanafunzi hushangaa, maana walidhani inamwadhibu mchawi tu. Kuamini uchawi peke yake hakumwondolei muuaji hatia. Vipande vya mwili vilivyopatikana huhitaji kuthibitishwa kuwa ni vya nani, na hapo huingia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, pamoja na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Mauaji mengi hufanyika usiku, kwenye nyumba zisizo na umeme, na shahidi pekee ni mjukuu aliyelala na bibi yake. Ndiyo maana kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980 haikosi katika mtihani wowote wa sheria ya ushahidi. Mahakama ya Rufani iliutaja ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho kuwa dhaifu kuliko wote, na ikaorodhesha maswali ya kuuliza: shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, je, alimfahamu kabla? Askari aliyesoma maswali hayo huyauliza usiku uleule, kibatari kikiwa bado mezani. Asiyeyasoma huandika tu kwamba shahidi alimtambua mtuhumiwa, na miaka mitatu baadaye jaji anatafuta mwanga kwenye karatasi asiuone.

Kuna jambo jingine dogo kwa sura ambalo limewaachia huru watu wengi. Waraka ukishapokelewa kuwa kielelezo, lazima usomwe kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa ajue kilichomo. Kanuni hiyo ilisisitizwa katika kesi ya Robinson Mwanjisi ya mwaka 2003. PF3 isiyosomwa huondolewa kwenye kumbukumbu za rufaa kana kwamba haikuwahi kuwapo. Mhanga aliyepigwa panga Nyang'hwale hajui kanuni hii, na hakuna anayemweleza.

Usukuma una historia yake ya kushughulikia uhalifu, na mwanafunzi anayeipuuza hatauelewa mkoa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi, wanavijiji wa Kahama na Shinyanga walijipanga katika sungusungu. Yowe la mwano likipigwa, kila mwanaume hutoka na upinde wake kufuata nyayo za mifugo. Aliyepatikana na kosa hutozwa faini, na mkaidi hutengwa: hapewi moto, hasalimiwi, hazikwi na jirani. Polisi na mahakama waliwatazama kwa mashaka, na viongozi kadhaa wa sungusungu walishtakiwa. Chama tawala na Serikali vikawatetea, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwapa mamlaka ya kukamata. Hawakupewa mamlaka ya kuhukumu wala ya kutesa. Ukurasa huu wa historia unaonyesha kwamba watu hawakukataa sheria; walichoka na umbali wa kituo cha polisi na majibu ya kwamba upelelezi haujakamilika. Jibu hilo bado linasikika kila wiki katika mahakama za wilaya, mshtakiwa wa mauaji akirudishwa mahabusu bila kutakiwa kujibu lolote, kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake.

Suala la lugha linawasumbua wanafunzi kuliko wanavyokiri. Stashahada hufundishwa kwa Kiingereza. Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa huandikwa kwa Kiswahili, Mahakama ya Mwanzo imeendeshwa kwa Kiswahili siku zote, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kwa lugha moja kazi atakayoifanya kwa nyingine, na katikati tafsiri huvuja. Magazeti huandika kwamba upande wa mashtaka umethibitisha kosa "pasipo kuacha shaka yoyote." Sheria haidai hivyo. Hudai kusibaki shaka yenye msingi, ile ambayo mtu mwenye akili timamu angeisitia. Shaka ya kubuni haihesabiwi. Kisha kuna Kisukuma. Bibi wa Ushetu akitoa ushahidi kwa lugha yake, lazima awepo mkalimani aliyeapishwa na jambo hilo liandikwe. Askari anayetafsiri kichwani na kuandika kwa Kiswahili chake hujenga maelezo ambayo bibi mwenyewe atayakana kizimbani.

Vipande vingine vya haki jinai vimo katika vyuo vya majeshi. Askari polisi wapya hufundishwa Shule ya Polisi Tanzania iliyopo Moshi, na mafunzo ya kupandishwa cheo hutolewa Chuo cha Taaluma ya Polisi, Kurasini, Dar es Salaam. Magereza wana Kiwira na Ukonga. Uhamiaji wana chuo chao Moshi. Hapa mlango haufunguliwi na ada. Hufunguliwa na tangazo la ajira, umri, afya na vyeti, na stashahada ya sheria humpa mwombaji nafasi nzuri bila kumhakikishia chochote. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, huandaa maafisa wanaotakiwa kuwapo mahakama ya watoto inapoketi kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 nayo huruhusu mwenye kosa lenye kifungo kisichozidi miaka mitatu afanye kazi za jamii badala ya kwenda gerezani. Kufyatua matofali ya darasa huko Mbogwe kunahitaji msimamizi anayejua kuandika taarifa, na wasimamizi wa aina hiyo ni haba kuliko matofali.

Gharama haina maelezo marefu. Mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada, lakini kwa fani zilizowekwa kuwa kipaumbele, kama afya, ualimu, kilimo na madini. Sheria haikuwamo. Kijana wa Geita anayesomea jiolojia angeweza kukopeshwa. Mwenzake anayesomea namna ya kulinda dhahabu ikiwa kielelezo alitegemea mpunga, pamba au ng'ombe wa baba yake.

Baada ya kuhitimu, ukweli uelezwe mapema ili asidanganyike mtu. Zamani mwenye stashahada, hata astashahada, aliweza kuwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Sasa nafasi hiyo hutaka shahada ya sheria. Kuendesha mashtaka, kazi iliyokuwa mikononi mwa polisi kwa miongo mingi, kumehamia kwa mawakili wa Serikali chini ya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, iliyotokana na sheria ya mwaka 2008, na wao pia ni watu wa shahada. Kilichobaki kwa mwenye stashahada ni ukarani wa mahakama, utunzaji wa kumbukumbu, kazi katika ofisi za mawakili na dawati la sheria la kampuni za ulinzi na za migodi, Jeshi la Polisi na Magereza, pamoja na usaidizi wa kisheria unaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Anaweza kumwambia mama wa Msalala kwamba mwanawe aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, kwamba dhamana ya polisi haiuzwi, na kwamba PF3 haina bei. Maneno hayo matatu, yakisemwa kituoni na mtu anayeheshimika, hubadilisha mambo kuliko barua nyingi za mawakili.

Anayetaka kuendelea anahitaji wastani usiopungua alama 3.0 kwenye stashahada ili kuomba shahada ya sheria, pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne. Shahada ni miaka mitatu au minne kutegemea chuo, kisha huja Shule ya Sheria ya Tanzania, iliyoundwa mwaka 2007, kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Aliyetoka kidato cha nne Kahama akapita ngazi zote za kati hufika huko mwaka mmoja baada ya mwenzake aliyepitia kidato cha sita. Huyo mwenzake, akikwama katikati kwa kukosa ada, anarudi nyumbani na cheti cha sekondari. Wa stashahada anarudi na kazi anayoweza kuifanya kesho yake.